NYUMBA NA JAMAA: Siku Saba Mashambani mwa Ufaransa

Kila mwaka, Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa Agosti iwadiapo, nchi ya Ufaransa huwa kama iliyopigiwa baragumu la kuhama. Wale waliopumzika Julai hurejea makwao, na wale ambao zamu yao ni Agosti huondoka, nao hukutana njiani, magari yakiwa yamefuatana kama siafu kutoka Paris hadi pwani ya Bahari ya Kati. Tarehe 2 Agosti, 1975, misongamano ya magari katika barabara za nchi hiyo ilifikia jumla ya kilomita 600. Mwaka uliofuata serikali ilianzisha huduma ya kuwaonya wasafiri, ikaipa jina la Bison Futé, yaani Nyati Mjanja, ambayo hadi leo hutangaza siku za safari kwa rangi: kijani kwa siku njema, kisha rangi ya machungwa, kisha nyekundu, na nyeusi kwa siku ambayo mwenye busara hubaki kwake. Watu milioni kadhaa husikia onyo hilo, wakatikisa kichwa kulikubali, wakaondoka siku ile ile nyeusi. Polisi na majandarma, ambao siku hizo hawana likizo, husimama juani wakiwaelekeza.

Katika msafara huo, hata hivyo, wamo watu ambao safari yao si ya baharini. Baada ya mwendo wa saa kadhaa hutoka katika barabara kuu, wakaingia katika vijia vilivyopakana na mashamba ya mahindi na alizeti, wakasimama mbele ya nyumba ya mawe ukingoni mwa kijiji, wakapokea ufunguo, wakazima gari. Kwa muda wa siku saba gari hilo halitawashwa ila mara mbili au tatu. Hapana hoteli, hapana muziki wa usiku, wala duka la kuuza vitu vya anasa. Likizo ya namna hiyo haitoi picha nyingi za kuonyesha majirani, nao majirani hawaionei wivu. Lakini ina faida zake kwa jamaa ambayo kazi huitenganisha, na kwa sababu hiyo inastahili kuangaliwa na watu wa kambini na wa kituo cha polisi.

Haifai kudhani kwamba Wafaransa walizaliwa wakijua kupumzika. Kabla ya mwaka 1936 likizo yenye malipo ilikuwa mali ya watumishi wa serikali na ya watu wachache wengine. Mfanyakazi wa kiwandani aliyeacha mashine wiki moja alikosa mshahara wa wiki hiyo. Katika miezi ya Mei na Juni ya mwaka huo wafanyakazi waligoma nchi nzima, na serikali mpya ya Léon Blum ikapitisha sheria ya tarehe 20 Juni iliyompa kila mfanyakazi wiki mbili za mapumziko yenye malipo. Kijana mmoja aliyekuwa katika serikali hiyo, Léo Lagrange, ambaye kazi yake ilikuwa kusimamia michezo na burudani, alipatana na makampuni ya reli ili mfanyakazi anayekwenda likizo na jamaa yake apunguziwe nauli kwa asilimia 40. Mamia ya maelfu walipanda treni kiangazi kile kile. Wengi hawakuwa na fedha za hoteli wala hawakujua mtu hufanya nini asipofanya kazi, basi wakaenda mahali pekee walipopajua, yaani kijijini kwa babu na bibi. Huko wakavua samaki, wakachuma matunda, wakasaidia mavuno. Lagrange mwenyewe hakuishi kuyaona matunda ya kazi yake, maana aliuawa vitani tarehe 9 Juni, 1940. Wiki ya tatu iliongezwa mwaka 1956, ya nne mwaka 1969, na ya tano mwaka 1982.

Kwa upande wa askari habari hii ni ya zamani zaidi, tena ni chungu. Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza Agosti 1914, makamanda waliamini kwamba ingekwisha kabla ya majira ya baridi, kwa hiyo hapakuwa na mpango wowote wa kumrudisha mwanajeshi kwake hata kwa siku moja. Likizo zilianza kutolewa kwa utaratibu katika kiangazi cha mwaka 1915, baada ya karibu mwaka mzima wa mahandaki. Askari wa Ufaransa wa wakati huo wengi walikuwa wakulima. Aliyebahatika kufika kijijini alivua buti, akashika mundu, kwa kuwa ngano ilikuwa imekomaa na mkewe alikuwa peke yake shambani. Hata hivyo likizo zile zilicheleweshwa na kufutwa mara kwa mara, na katika majira ya kuchipua ya mwaka 1917, baada ya mashambulizi ya Chemin des Dames kushindwa kwa hasara kubwa ya watu, vikosi vingi vilikataa kurudi mstari wa mbele. Miongoni mwa malalamiko yao, la likizo lilikuwa kubwa. Jenerali Pétain, aliyekabidhiwa jeshi mwezi wa Mei, aliwaadhibu baadhi ya watu kwa kuwapiga risasi. Lakini pia alirekebisha chakula, akaagiza kila askari apate siku saba za nyumbani kila baada ya miezi minne. Jina la Pétain lilikuja kuchafuka vibaya katika vita vilivyofuata, na ni haki yake. Amri ile ya siku saba, hata hivyo, wanahistoria huitaja miongoni mwa mambo yaliyolituliza jeshi.

Vijiji vyenyewe vilitoka katika vita hivyo vikiwa vimepungukiwa. Karibu kila kijiji cha Ufaransa kina mnara wa mawe wenye majina ya vijana wake waliokufa kati ya 1914 na 1918, na mara nyingi jina la ukoo mmoja limeandikwa mara tatu au nne. Baada ya hapo ikaja trekta, na viwanda vikaita watu mjini. Kufikia miaka ya 1950 nyumba nyingi nzuri za mawe zilikuwa zimefungwa, mapaa yanabonyea, miiba inaingia jikoni. Huku mashambani wenye nyumba hawakuwa na fedha za kuzitengeneza. Huko mijini wafanyakazi walikuwa na likizo bila mahali pa kuitumia kwa bei nafuu.

Mtu aliyeyaunganisha mahitaji hayo mawili alikuwa seneta Émile Aubert, mwakilishi wa wilaya ya milimani ya Basses-Alpes, ambayo siku hizi huitwa Alpes-de-Haute-Provence. Kwa juhudi zake nyumba ya kwanza ya namna hiyo ilifunguliwa mwaka 1951 katika kijiji cha Thorame-Basse. Mpango wenyewe ulikuwa mwepesi kuelezwa: mkulima asaidiwe kutengeneza nyumba yake isiyokaliwa, naye aipangishe kwa familia za mjini wakati wa likizo. Mwaka 1955 liliundwa shirikisho la nchi nzima liitwalo Gîtes de France. Nyumba zake hupewa daraja kwa masuke ya ngano, kuanzia suke moja hadi matano, jinsi hoteli zinavyopewa nyota. Mwenye suke moja au mawili asitarajie zaidi ya vitanda safi, jiko, meza ndefu, na kivuli cha mti uani.

Bei si sababu pekee iliyoifanya nyumba ya aina hiyo ipendwe na watu wa mshahara mdogo. Mpangaji hujipikia, wala hatazamwi na mtumishi aliyevaa koti jeupe. Mtoto akimwaga uji, hakuna wa kukunja uso ila mama yake. Tangu mwaka 1982 kuna pia hundi za likizo, ambazo mfanyakazi huweka akiba kidogo kidogo na mwajiri huongeza sehemu yake. Majeshi yana shirika lao la ustawi wa jamii, liitwalo kwa kifupi IGeSA, lililoundwa mwaka 1966 na kuwa na makao yake Bastia katika kisiwa cha Corsica. Hilo huendesha vituo vya mapumziko kwa ajili ya askari na jamaa zao, kwa malipo yanayoangalia pato la kila familia. Hata hivyo lazima isemwe kwamba si kila Mfaransa huenda likizo. Sehemu kubwa ya watu, hasa maskini na akina mama wanaolea watoto peke yao, hubaki nyumbani kiangazi chote. Na tangu mwaka 1979 shirika la hisani la Secours populaire huwachukua maelfu ya watoto wa jamaa kama hizo kila Agosti, japo kwa siku moja, ili nao wakaione bahari.

Basi na ichukuliwe, kwa mfano tu, familia ya sajini mmoja mwenye watoto watatu, iliyopanga nyumba ya masuke mawili katika wilaya ya Dordogne, kusini-magharibi mwa nchi. Baba amerudi kutoka kazi ya miezi minne ng'ambo, muda ambao ni wa kawaida kwa askari wa Ufaransa wanaopelekwa nje. Mtoto mkubwa ana umri wa miaka kumi na mitatu, wa kati tisa, na kitinda mimba mitatu. Upangaji huanza Jumamosi alasiri na kwisha Jumamosi asubuhi.

Siku ya kwanza na ya pili huwa ngumu kuliko watu wanavyotarajia. Baba huamka alfajiri kwa mazoea, akaanza kupanga viatu mlangoni kwa mstari na kuuliza ratiba ya siku. Ratiba haipo. Mama, ambaye kwa miezi minne amekuwa baba na mama, ameshazoea kuamua mambo bila kuuliza, na sasa kila anapoamua huona mtu mwingine amesimama karibu naye akitaka kuulizwa. Mkubwa husema kijiji hicho hakina chochote. Mdogo akibebwa na baba hulia akimtafuta mama, na baba hucheka ili asionekane kuumia. Familia zinazokwenda katika miji ya starehe huyaepuka mambo haya kwa kukimbia kutoka pumbao moja hadi jingine, nazo hurudi nyumbani nayo yakiwa bado mkobani. Kijijini hapana pa kukimbilia.

Kinachosaidia ni vitu vidogo vinavyotokea kwa saa zake. Asubuhi kuna mkate. Vijiji vingi vimepoteza tanuri lake la mkate, na mahali pengine gari la mwoka mikate hupita likipiga honi, au mtu hulazimika kwenda kijiji cha pili. Kumtuma baba na mtoto wa kati kwa miguu, kilomita mbili kwenda na mbili kurudi, ni jambo ambalo halina maana yoyote kwa mtu mwenye haraka. Njiani mtoto huuliza maswali ambayo katika simu ya dakika kumi hayakuulizwa: kama kule kulikuwa na nyoka, kama baba aliogopa, kama ataondoka tena. Wakirudi, ncha ya mkate huwa imekwisha kuliwa, na hiyo ni desturi ya Ufaransa nzima.

Saa sita kengele ya kanisa hulia na kila kitu hufungwa. Duka hufungwa, posta hufungwa, hata mbwa huhamia kivulini. Mgeni wa mjini hukasirika mara ya kwanza. Mara ya tatu huwa ameshaweka meza. Chakula cha mchana huko si jambo la kusimama: huliwa nyanya na matikiti ya shamba la jirani, jibini, nyama baridi ya bata, na kisha watu hubaki mezani wakizungumza hata nzi wakachoka. Dordogne ni nchi ya mabata bukini na ya miti ya jozi, zile kokwa ngumu ambazo tunda la ndani lina umbo la ubongo. Mwezi wa Agosti jozi bado huwa mbichi ndani ya maganda ya kijani, na watoto wanaozichezea hurudi na vidole vyeusi visivyotoka kwa sabuni.

Jioni wanaume kwa wanawake hukusanyika chini ya miti kurusha matufe ya chuma, mchezo uitwao pétanque. Inasimuliwa kwamba ulianza kusini mwa Ufaransa, mwanzoni mwa karne ya ishirini, kwa ajili ya mchezaji mmoja aliyeugua baridi yabisi na kushindwa kupiga mbio kabla ya kurusha. Wenzake, badala ya kumwacha akae benchi, walibadili kanuni ili kila mtu arushe akiwa amesimama, miguu pamoja. Ndiyo maana mzee wa miaka themanini anaweza kumshinda askari wa miguu, na kijijini humshinda mara nyingi. Yule mtoto mkubwa aliyesema hakuna chochote huonekana akiwa zamu yake haikosi.

Mto Dordogne hupita karibu. Kiangazi maji yake huwa machache na hapana budi familia itaogelea. Lakini mto si bwawa, una mikondo iliyojificha nyuma ya mawe, na kila mwaka Ufaransa hupoteza watu kwa kuzama. Wazazi wenye hadhari huchagua mahali penye mwangalizi, na mmoja wao hubaki akitazama watoto bila kitabu wala simu mkononi. Kazi hii yafaa apewe baba mwanajeshi, ambaye amefunzwa kulinda zamu bila kusinzia.

Matembezi ya mbali ni moja tu kwa wiki, nayo hutosha. Karibu na mji mdogo wa Montignac lipo pango la Lascaux, ambalo vijana wanne waliligundua tarehe 12 Septemba, 1940, wakati nchi yao ilikuwa imeshindwa vitani na nusu yake imekaliwa na adui. Kutani waliona mafahali, farasi na paa waliochorwa na watu wa kale zaidi ya miaka 15,000 iliyopita. Baada ya vita watazamaji walimiminika kwa wingi hata pumzi zao zikaanza kuziharibu picha, na mwaka 1963 serikali ililifunga pango. Wanaokwenda leo huona nakala iliyotengenezwa kwa uangalifu mkubwa, iliyofunguliwa Desemba 2016. Watoto hawajali kwamba ni nakala. Huuliza tu kama wale wachoraji nao walikuja na watoto wao.

Usiku wa Agosti huchelewa kuingia. Jua huzama baada ya saa tatu. Katikati ya mwezi huo vimondo huonekana kwa wingi, na kijijini ambako taa ni chache mbingu huwa wazi. Baba aliyezoea kupata kaskazini kwa nyota wakati wa lindo ana kitu cha kumfundisha mwanawe ambacho hakiko shuleni. Pengine ni katika usiku wa nne au wa tano, watu wakiwa wamelala chali juu ya blanketi, ndipo mama huanza kusimulia ile miezi minne ilivyokuwa: homa ya mtoto, bomba lililopasuka, siku ambayo habari za redio zilitaja shambulio na simu ikakawia kulia. Mambo hayo hayakusemwa kwenye simu, asije akasumbuka mtu aliye kazini. Hayakusemwa siku ya kwanza ya likizo, asije akaharibiwa furaha. Yanahitaji saa ambazo hazina kazi nyingine.

Hapo pana jambo ambalo ukurasa wa nyumbani haufai kuliruka. Nyumba yenye jiko ni nafuu kwa mfuko, lakini yaweza kuwa jela kwa mama. Akiwa anapika, anaosha vyombo, anafua na kutandika vitanda kama alivyofanya nyumbani, basi yeye amehamishwa jiko tu, na wanaopumzika ni wengine wanne. Familia zenye akili hugawa kazi tangu Jumamosi ya kwanza: baba huchukua mkate na vyombo vya usiku, mkubwa hupika mara mbili kwa wiki chochote anachokijua hata kikiwa ni mayai, na siku ya gulio hakuna apikaye, huliwa kuku aliyechomwa sokoni. Askari anayeona haya kuosha sufuria mbele ya watu na akumbuke kwamba kambini ameosha yake miaka yote bila haya.

Je, na nyumba iliyoachwa mjini? Hofu ya wezi huwafanya wengi wasitulie. Tangu mwaka 1974 polisi na majandarma wa Ufaransa huendesha mpango uitwao Opération Tranquillité Vacances, yaani utulivu wa likizo: raia anayesafiri huandikisha nyumba yake kituoni, na doria hupita mchana na usiku kuangalia milango na madirisha, bila malipo. Wanaoifanya kazi hiyo aghalabu ni wenye watoto wadogo pia, wanaosubiri zamu yao ya Septemba. Jandarma, ambaye kwa sheria ya kazi yake huishi na jamaa yake ndani ya kambi ya kikosi, ana sababu zaidi ya kuondoka siku zake zinapofika: akibaki pale pale ataona gari la doria likitoka, atasikia simu ya zamu, na mwili wake hautajua kwamba yuko likizo. Askari wa nchi zetu waliokaa kambini na wake zao hawahitaji kuelezwa hilo.

Wala isidhaniwe kwamba vijiji hivyo ni pepo. Bei za nyumba katika Dordogne zimepandishwa na Waingereza, Waholanzi na watu wa Paris wanaonunua za kwao wenyewe, na kijana aliyezaliwa hapo mara nyingi hushindwa kupata ya kupanga mwaka mzima. Wengine hulalamika kwamba kijiji huamka Julai na kulala Septemba. Malalamiko hayo yana haki. Lakini mkulima ambaye ghala la baba yake limegeuzwa kuwa vyumba viwili na jiko hulipa ada za shule kwa kodi ya wageni, na paa la mawe limebaki juu ya kuta zake.

Kufikia Alhamisi sajini wa mfano wetu haamki tena alfajiri. Viatu mlangoni vimetawanyika. Yule kitinda mimba, ambaye hajaambiwa lolote na mtu yeyote, humletea kiatu kimoja, akakaa mbele yake na kunyoosha mguu ili afungwe kamba. Hakumpelekea mama ingawa mama alikuwa karibu zaidi. Baba huifunga kamba hiyo polepole kuliko inavyohitaji.

Jumamosi asubuhi ni ya kazi. Desturi hutaka mpangaji aiache nyumba kama alivyoikuta, kwa hiyo sakafu hufagiwa, takataka hutolewa, shuka hukunjwa, na karatasi ya hesabu ya vyombo hutolewa kabatini. Bibi mwenye nyumba huja akiwa na kichupa cha jamu ya squash ya bustani yake au mayai sita kwa ajili ya njiani, akahesabu vikombe na vijiko, akaona kimoja kimevunjika, akasema si kitu. Kisha hufungua daftari lake na kuuliza kama wiki hiyo hiyo iandikwe kwa mwaka ujao. Mume na mke hutazamana, kwa kuwa mwaka ujao kikosi chaweza kuwa mahali popote. Bibi amekwisha kuwapokea askari wengine kabla yao. Huweka pembeni kalamu ya wino, akaandika jina lao kwa kalamu ya risasi.